Nunueni fimbo kwanza, mashine baadaye

Wenzangu, leo naomba tuongee kuhusu kipande cha chuma. Kinaenea mkononi, kinang'aa kama kijiko kipya, na wengi wa wale wanaotuandikia miradi hawajawahi kukiona kwa macho. Ni fimbo ya pistoni, ile inayopanda na kushuka ndani ya pampu ya mashine ya kupulizia rangi. Wengine wanaiita shafti, wengine rodi, mimi nitaiita fimbo. Nasema hivi: vikundi vya rangi ninavyovijua mimi havikufa kwa uvivu, wala kwa kugombania hela, ingawa hela tunagombania, tusidanganyane. Vilikufa siku fimbo ilipolika na hakuna aliyekuwa amepanga nyingine itatoka wapi.

Mimi ni fundi. Nilipotoka Kivu nilianza na brashi na rola hapa Kampala, baadaye mzee mmoja wa Kiganda mwenye karakana ndogo akanifundisha kufungua pampu. Sasa vijana wa Nakivale na makazi mengine wananipigia simu mashine ikisumbua. Karibu simu zote zinaanza vilevile: "Kaka, mashine inakojoa."

Chukueni kikundi kimoja, jina nitaliacha. Vijana sita, wanne Wakongo, wawili Warundi. Shirika liliwapa mashine ya umeme, mafunzo ya siku tano, fulana na cheti. Wakapaka kanisa, wakapaka madarasa, wakahamia kwenye nyumba za wenye maduka barabarani. Kazi ikaenda vizuri tu. Baada ya miezi kadhaa rangi ikaanza kuvuja juu ya pampu. Wakachanga hela, wakatuma mtu Mbarara, akarudi mikono mitupu. Wakamtuma Kampala, akarudi na seti ya sili. Wakafunga. Siku nne mashine ilikuwa nzuri, siku ya tano ikakojoa tena. Wakachanga tena, sili nyingine, safari hii ikafika wiki. Mara ya tatu mwenye nyumba akachoka kusubiri, akaita watu wengine. Mashine ikaenda chini ya meza. Afisa wa mradi alipokuja kufuatilia, akaikuta pale na vumbi lake, akajaza kwenye fomu kwamba walengwa hawakutunza vifaa.

Nilipofungua ile pampu nilikuta fimbo yenye michirizi ya urefu, mirefu, ambayo ukipitisha kucha inanasa. Basi. Seti tatu za sili mpya zilikatwa na fimbo ileile moja. Hela waliyochanga mara tatu ingenunua fimbo, au ingekaribia. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia waitazame. Kwenye siku tano za mafunzo walifundishwa kushika mkono wa mashine, umbali wa kusimama kutoka ukutani, na jinsi ya kuosha. Kufungua pampu hapana, ati ni kazi ya fundi. Fundi yupi? Yuko wapi?

Ngoja nieleze pampu inavyofanya kazi, kwa sababu bila hapo hoja yangu itaonekana ni kelele za mtu anayependa vyuma.

Mashine hizi hazitumii upepo kama zile za kompresa wanazotumia mafundi wa magari. Hapa rangi yenyewe ndiyo inabanwa, mpaka presha ya karibu psi 3,000, yaani kama bar 200, halafu inalazimishwa kupita kwenye tundu dogo sana la nozeli na kutoka kama ukungu. Tairi la gari dogo lina psi thelathini na kitu. Fanyeni hesabu wenyewe.

Ndani ya pampu kuna goroli mbili. Moja iko chini kabisa, mdomoni, pale rangi inapoingia kutoka kwenye ndoo. Ya pili iko kwenye pistoni, mwisho wa fimbo. Fimbo ikipanda, goroli ya chini inafunguka na rangi inavutwa ndani. Wakati huohuo goroli ya pistoni imefunga, na rangi iliyo juu yake inasukumwa kwenda kwenye mpira. Fimbo ikishuka, ya chini inafunga, ya pistoni inafunguka, rangi inapita kwenda chumba cha juu. Sasa hapa ndipo panaponifurahisha kila siku. Chumba cha juu kina fimbo ndani yake, kwa hiyo hakina nafasi ya kupokea rangi yote iliyotoka chini. Inayozidi inabidi itoke. Ndiyo maana pampu inasukuma rangi ikipanda, na ikishuka pia inasukuma. Fimbo siyo mpini wa kushikia pistoni tu, unene wake wenyewe unafanya kazi.

Fimbo hiyo inapotokea juu kwenda kushikana na mota, inapita katikati ya sili za juu, pete za ngozi na plastiki ngumu zilizopangwa kwa umbo la V. Kwenye pistoni, chini, kuna seti nyingine. Sili za juu ndizo zinazozuia rangi ya psi 3,000 isiruke nje, na zinafanya hivyo kwa kukumbatia fimbo inayokimbia juu chini siku nzima. Fimbo ikiwa laini kama kioo, sili inadumu. Fimbo ikiwa na mchirizi, ule mchirizi ni kisu, na kila mpando ni mkato.

Mchirizi unatoka wapi? Unatoka kwenye rangi. Rangi siyo maziwa, ndugu zangu. Ni mawe yaliyosagwa, unga wa chokaa na titani dioksidi na vitu vingine vya kujazia, ndani ya maji na gundi. Kila fimbo inapopanda, utando mwembamba wa rangi unabaki juu yake na kutokeza nje. Kama kikombe kidogo kilicho juu ya pampu hakina oili, utando huo unakauka palepale na kuwa msasa. Fimbo ikishuka inaurudisha ule msasa ndani ya sili. Ndiyo maana kitabu cha mashine kinasema weka matone ya oili ya kooni kila siku kabla ya kuanza kazi. Chupa yake ndogo huwa inakuja na mashine mpya. Ikiisha, hakuna anayenunua nyingine, na wengine wanamimina oili chafu iliyomwagwa kwenye gari, ambayo ina masizi na vumbi la chuma ndani yake. Hiyo siyo oili tena.

Sababu nyingine ni kutochuja. Ukinunua rangi ya maji ya bei ya chini, ichuje kwa kitambaa cha nailoni kabla haijaingia kwenye mashine, hata kama bosi anakuharakisha. Nyingine ni kuosha kwa maji na kuiacha pampu na maji ndani mpaka kazi ijayo, ambayo inaweza kuwa baada ya wiki tatu. Chuma na maji mnajua mwisho wake. Ukimaliza kuosha, pitisha tapentaini au oili nyepesi, ndiyo iwekwe.

Na kuna lile kosa ninaloliona kila mahali: rangi ikivuja juu, kijana anachukua spana anakaza nati ya juu. Ikivuja tena anakaza tena. Kukaza kidogo sawa, hata kitabu kinaruhusu kwenye mashine zenye nati ya kurekebisha. Lakini ukiendelea kukaza unabana sili kwenye fimbo iliyokwisha kuchakaa, inapata moto, kromu inakwisha haraka zaidi. Kromu ni ngozi ngumu na nyembamba iliyopakwa juu ya chuma. Ikishatoboka, chini yake hakuna kitu cha kuzuia kutu.

Unajuaje sasa kama tatizo ni fimbo au kitu kingine? Kwa mtu asiyetaka kutupa hela, hiki ndicho kipengele cha maana kuliko vyote. Funga valvu ya kurudisha rangi, weka presha, achia kifyatulio. Pampu nzima inatakiwa isimame, ishike presha, itulie. Kama haitulii, itazame inavyosogea. Ikiwa inashuka polepole yenyewe na kusimama vizuri ikipanda, goroli ya chini haifungi, mara nyingi ni uchafu tu, fungua osha. Ikiwa inaendelea kupanda polepole, basi ni goroli ya pistoni au sili za pistoni. Na kama rangi inatokea juu kwenye kikombe, ni sili za juu, fimbo, au vyote viwili. Hapo ndipo unafungua na kuifuta fimbo kwa kitambaa chenye tapentaini, unaipeleka juani, unaizungusha taratibu. Pitisha kucha. Kucha ikinasa, fimbo imekwisha. Ukiona sehemu imepoteza mng'ao na kuwa na rangi ya bati la zamani, imekwisha hiyo pia. Usijibembeleze.

Kabla hujafungua chochote, presha. Mtanisamehe nikikaza sauti hapa. Mafundi wanauita ule mkono wa mashine bunduki. Mimi neno hilo silipendi, tumelikimbia, lakini kwa hili wana haki. Zima mashine, chomoa umeme, shusha presha mpaka mwisho, fyatua ndani ya ndoo, fungua valvu ya kurudisha, funga kufuli ya kifyatulio. Kama una shaka nozeli imeziba na presha bado iko kwenye mpira, fungua viungo polepole, ukiwa umevifunika kwa kitambaa kinene, na mikono mbali na tundu. Rangi inayotoka kwa presha hiyo inapenya ngozi. Alama yake ni tundu dogo, kama umechomwa na sindano, halina damu nyingi wala maumivu makali mwanzoni, na ndiyo maana watu wanalala nalo. Usilale nalo. Ni dharura ya upasuaji, kidole au mkono mzima unaweza kupotea. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na mwambie daktari neno kwa neno kwamba ni rangi iliyoingia kwa presha kubwa, na umwoneshe kopo la rangi. Usiseme umejikata, ukisema hivyo utapewa plasta.

Kazi yenyewe ya kubadilisha fimbo haimshindi mtu aliyewahi kufungua pampu ya pikipiki au baiskeli. Unatoa pampu kwenye mashine, unafungua valvu ya chini, unalegeza nati ya juu, unagonga fimbo itoke kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao, kamwe usitumie chuma kwa chuma. Unatoa sili zote za zamani na unakumbuka zilivyokaa, kwa sababu simu zetu zina kamera. Unaosha silinda na kuitazama ndani kwa tochi, kwani silinda yenye mikwaruzo itaimaliza sili mpya ya pistoni kama fimbo ilivyoimaliza ya juu. Sili za ngozi unaziloweka kwenye oili nyepesi kabla ya kuzifunga. Na kanuni ya V ni hii: mdomo wa V unatazama kule presha inakotokea, ili presha yenyewe iufungue na kuukandamiza ukutani. Ukiigeuza, itavuja siku hiyohiyo na utamlaumu aliyekuuzia. Paka fimbo mpya grisi, iingize taratibu bila kulazimisha, funga, kaza kwa kipimo cha kitabu, jaza oili juu. Mtu mwenye uzoefu anamaliza kabla chai haijapoa sana. Mara ya kwanza ni nusu siku, sawa tu.

Na unapobadilisha fimbo, badilisha sili zake pamoja. Na ukibadilisha sili, iangalie fimbo. Hii habari ya kununua nusu kwa sababu nusu ni rahisi ndiyo iliyoua mashine ya wale vijana sita.

Najua kuna atakayeniambia, twende Katwe. Katwe wanakereza kila kitu. Nawaheshimu sana mafundi wa Katwe, wamenichongea nati, mabano, hata mpini wa valvu uliovunjika, na ukiuweka pembeni ya ule wa kiwandani huoni tofauti. Lakini fimbo ya kukerezwa kwa chuma cha kawaida, hata iwe imepimwa vizuri namna gani, ni laini mno. Inang'aa siku ya kwanza, baada ya ndoo chache inachorwa na rangi kama udongo. Kuirudishia kromu fimbo ya zamani inawezekana kwa kanuni, lakini inahitaji kusagwa na kupakwa kwa kipimo cha hali ya juu, na kwa fimbo ndogo kama hizi sioni hesabu ikikubali. Nunua ya mashine yako, yenye namba ya modeli yako.

Hapo sasa nawageukia ninyi wa mashirika, dada na kaka zetu mnaosoma ukurasa huu, na najua mnasoma kwa sababu mnatuma vidole gumba. Tatizo linaanzia dukani kwenu, kabla sisi hatujaguswa na mafunzo. Mnanunua mashine kwa bei. Zinawekwa nukuu tatu mezani, ya chini inashinda, na wakati mwingine ya chini ni mashine ambayo hakuna mtu Uganda nzima anauza fimbo yake. Jina limebandikwa kwa stika, kitabu kina kurasa nne, modeli hiyo mwaka kesho haipo. Mashine ya namna hiyo ina uhai sawa na fimbo yake ya kwanza. Mmenunua kitu cha kutumia na kutupa, mkakiandika kwenye ripoti kama mtaji.

Ndiyo maana nasema nunueni fimbo kwanza. Nina maana kabisa. Siku ya manunuzi, mtu aende dukani asiulize mashine. Aulize: mna fimbo ya modeli hii? Mna sili zake, za juu na za pistoni? Goroli? Nipe nizione. Zikiwepo kwenye rafu, azilipie, azitie mfukoni, ndipo aulize bei ya mashine. Zikikosekana, aondoke, hata kama mashine ni nusu bei. Swali hilo moja linachuja kuliko kamati.

Nimesikia jibu lenu pia, na siyo jibu la kipuuzi. Mnasema spea ni gharama ya kuendesha biashara, na kikundi kisipoweza kulipa spea yake basi siyo biashara. Nakubaliana. Tena nakubali kuliko mnavyodhani. Mtu asiyeweza kununua fimbo kwa kazi yake ya rangi asipewe mashine, apewe rola nzuri na fito ndefu. Kwa vyumba vidogo vya nyumba zetu rola ni bora hata hivyo, hupotezi rangi kwenye mpira, hutumii nusu siku kufunika madirisha. Mashine ni ya kuta ndefu, dari, mabati, uzio wa shule. Lakini gharama hiyo mbona haikutajwa siku mnagawa? Kwenye mpango wa biashara mliotusaidia kujaza kulikuwa na mstari wa rangi, mstari wa usafiri, mstari wa chakula cha mchana. Wa kuchakaa haukuwepo. Mtu hawezi kuweka akiba ya kitu ambacho hajaambiwa kitakufa. Fimbo ya kwanza iwe ndani ya sanduku, ya pili iwe juu yetu. Hapo mtakuwa mmetutendea haki, na sisi hatutakuwa na kisingizio.

Na tukija kwetu sisi, visingizio tunavyo. Hela ya kazi inaingia Ijumaa, Jumamosi imegawanywa yote, mpaka mia mbili ya mwisho. Naelewa kwa nini. Tangu 2023 chakula cha WFP kilipoanza kugawanywa kwa makundi ya uhitaji, nyumba nyingi zinakula kutokana na hizi kazi, na ukimwambia mama yako kwamba sehemu ya hela imebaki kwenye kikopo cha fimbo, atakuuliza fimbo inapikwaje. Lakini hesabu yake siyo kubwa kama inavyoogopwa. Kila ndoo ya lita 20 inayopita kwenye mashine, piga mstari kwenye daftari. Siku fimbo ya kwanza itakapokwisha, hesabu mistari. Tuseme kwa mfano tu ni ndoo 200, na fimbo pamoja na sili zake dukani ni shilingi 600,000. Ina maana kila ndoo imekula shilingi 3,000 za fimbo. Basi kuanzia hapo mteja anatozwa hiyo 3,000 juu ya kila ndoo, na inakwenda kwenye sanduku la kikundi chenu cha kuweka na kukopa kwa jina lake, isikopeshwe kwa harusi. Namba zenu zitakuwa tofauti, rangi nzito inakula zaidi na anayechuja anadumu zaidi, ndiyo maana nasema mpige mistari yenu wenyewe. Daftari lenye mistari hiyo nimeona pia linamnyamazisha afisa mwenye fomu. Ukimwonesha ndoo ulizopuliza, neno la hawakutunza halina pa kukaa.

Mpenguni mtu mmoja katika kikundi awe wa pampu. Asiwe kiongozi, viongozi wana mikutano. Awe yule anayependa kujua kitu kimefungwaje, na mara nyingi, niseme ukweli, ni msichana ambaye amewekwa kwenye kuosha brashi. Wasichana wawili niliowafundisha kufungua pampu wanapanga vipande kwenye gazeti kwa mfuatano, wanapiga picha, wanarudisha bila kubaki na pete mkononi. Wavulana wananiuliza hii inakaa wapi huku mashine imeshafungwa.

Kwa wenzetu wa nchi nyingine hali ni ngumu zaidi, na mradi ulioiga wa Uganda bila kufikiri utawaumiza. Sisi hapa Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, kwa hiyo fimbo ikikosekana makazini mtu anapanda basi la Kampala, anaumia nauli tu. Aliyeko Nyarugusu, Tanzania, hatoki kambini bila kibali. Aliyeko Kakuma yuko zaidi ya kilomita 700 kutoka Nairobi, na karatasi zake juu. Kwao kuweka fimbo ya akiba ndani ya sanduku siyo hisani, ndiyo tofauti kati ya mashine na pambo. Ningekuwa mimi napeleka mashine moja Kakuma, ningepeleka na fimbo mbili, seti nne za sili, goroli, chupa tatu za oili ya kooni, na ningepunguza fulana.

Wale vijana sita, tulitafuta fimbo ya modeli yao karibu mwezi mzima. Ilipatikana kwa muuzaji mmoja tu, ya mwisho, ndani ya boksi lililofifia, na hakuwa na mpango wa kuagiza nyingine. Mashine inafanya kazi sasa. Kila jioni wanaweka oili, na wanajua kabisa kwamba fimbo hii ikiisha, basi. Wameanza kuweka hela ya mashine nyingine, ya modeli ambayo nimewaonesha spea zake kwenye rafu mbili tofauti.

Ombi langu kwa leo ni dogo. Kila kikundi chenye mashine, pindua mashine yako, tafuta kibati chenye modeli na namba, kipige picha, uitume kwenye kundi letu pamoja na jina la mji ambako uliwahi kupata fimbo yake, au neno "hakuna" kama ulitafuta ukakosa. Nimeshaanza orodha na modeli saba. Wafanyakazi wa mashirika mnaojaza bajeti za mwaka ujao, msinunue kabla hamjaiangalia hiyo orodha, na mkiona modeli yenye "hakuna" tatu mfululizo, mjue la kufanya.